Mchanga Usio na Mwenyewe

Anayetaka kushuka ziwani kutoka Bunia huuliza swali moja tu: njia iko sawa? Humuuliza motari, humpigia shemeji aliye Bogoro, humuuliza hata muuza vocha pembeni ya barabara. Akijibiwa kuwa iko sawa, anafunga mzigo na kuondoka. Swali lina haki yake. Bogoro, kilomita 25 hivi kutoka mjini, ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na damu iliyomwagika siku ile ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, ambako Germain Katanga alipatikana na hatia mwaka 2014. Mei 2021 mkoa mzima wa Ituri ukawekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi. Mtoto wa hapa hafundishwi kuulizia barabara. Hukua akisikia wazazi wakiulizia. Ubaya ni kwamba swali hilo limekuwa kubwa mno hata limeyasukuma mengine nje ya mlango.

Kisa kifuatacho nimekitunga, na watu wake sitawapa majina. Maji yaliyomo, hapana. Hayo yanajulikana.

Jumamosi moja ya Oktoba, wanafunzi sita wa chuo waliamua kwenda kulala usiku mmoja ufukoni mwa Ziwa Albert, upande wa Kasenyi. Walikuwa na pikipiki tatu, mbili kati yake wameziazima kwa bosi anayewakodishia motari kwa hesabu ya kila siku. Walikuwa na hema mbili za zipu zilizotoka Kampala, kuku wa kuchoma, gunia la makala na spika ya muziki. Shangazi wa mmoja wao, anayeishi kambi ya wakimbizi ya Kigonze tangu alipoikimbia Djugu, alipoziona hema alicheka mpaka akajifuta machozi. Watu wametoa pesa zao ili wakalale chini ya turubai! Na kicheko chake kina maana zaidi kwetu kuliko kwa watu wa nchi nyingine, maana Ituri kambi si starehe ya mwisho wa juma. Ni mahali mtu alipofikishwa na mbio. Alipomaliza kucheka aliwaambia kitu kimoja: wakifika, wachimbe mfereji kuzunguka hema kabla ya kupika. Wakamwitikia kwa adabu. Jembe hawakubeba.

Barabara ilikuwa sawa kweli. Barieri walizipita bila maneno mengi. Baada ya Bogoro nchi inakatika ghafla, na ziwa linaonekana chini kama bati jipya juani. Bunia iko mita 1,250 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye mita 615 hivi. Katika mwendo mfupi huo mtu anashuka zaidi ya mita mia sita, anavua koti, na joto linampokea. Ule mteremko ni ukingo wa Bonde la Ufa. Samuel Baker, Mwingereza aliyefika ng'ambo ya pili, upande wa Uganda, mwezi Machi 1864 na kulipa ziwa jina la mume wa malkia wake, aliitazama milima hii yetu kwa darubini na kuona maporomoko ya maji yakiipasua ubavuni. Wageni wengi hukumbuka kwamba Baker aliliona ziwa. Kwa kisa hiki, yale maporomoko ndiyo muhimu zaidi.

Ufuko wa huko hauna nafasi ya bure. Kila hatua ina mwenyewe: hapa mitumbwi, hapa nyavu zinashonwa, hapa dagaa wameanikwa, hapa kapitene anapimwa na kubishaniwa bei, hapa mama fulani ana chungu chake cha sombe tangu watoto wake wakiwa wadogo. Vijana walitafuta mahali pa faragha, wakatembea, wakatembea, mpaka wakapata. Palikuwa na mchanga mweupe, tambarare, umetandazwa kama mkeka, bila kibanda, bila kichaka, bila kinyesi cha mbuzi. Katikati palipita kijito ambacho mtu angekiruka bila kukunja suruali. Wakafurahi. Hawakushangaa.

Hapo ndipo ninapowalaumu, ikiwa nina haki ya kuwalaumu watu niliowatunga mwenyewe. Watu waliobanana vile, wanaogombania mahali pa kuanika samaki, wameacha kiwanja kizima kitupu, na hakuna hata mmoja kati ya wasomi sita aliyejiuliza kwa nini.

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake aliwaona wakifungua mizigo. Akawaita.

"Batoto, pale nani analalaka?"

"Hapana mutu, mama," wakamjibu. "Ndiyo maana tunapapenda."

Akawatazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Wengine watasema angepiga kelele. Mimi sioni hivyo. Mwanamke wa ufukoni mbele ya vijana wa mjini wenye pikipiki tatu na simu za kioo ana ruhusa ya kuuliza, si ya kuamuru. Na aliuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa ndilo onyo lenyewe.

Mchanga ule haukuwa mali ya ziwa. Uliletwa na kijito. Maji yakishuka mlimani kwa kasi hubeba kila kitu, mchanga, mawe, magogo. Yakifika chini, pale mteremko unapokwisha, nguvu zinayaishia na yanautua mzigo wote, yakiutandaza mithili ya kipepeo cha kupepea moto. Safari hii yanapita kushoto, safari nyingine kulia. Kwa hiyo upana wa kijito cha leo haumwambii mtu chochote. Kipimo ni upana wa mchanga. Na ule usafi uliowavutia vijana, kutokuwa na kichaka wala kibanda, ilikuwa kazi ya mafuriko yaliyotangulia. Yalikuwa yamefagia.

Walikula, wakacheza muziki, wakalala saa tano. Juu yao nyota zilikuwa zimejaa. Kwenye ukingo, upande wa Bogoro, umeme ulikuwa ukimulika bila sauti, na mmoja wao aliupiga picha kwa sababu ulipendeza. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu, kwenye vilima ambavyo miti yake imegeuka makala na miteremko yake imegeuka mashamba ya mihogo, na udongo mtupu haunywi maji kama msitu unavyoyanywa. Vijito vya ukingoni ni vifupi. Havina bonde pana la kuyachelewesha maji, havina kinamasi cha kuyapokea. Kinachonyesha juu saa nne kinaweza kuwa chini kabla ya saa sita.

Kwanza walisikia mlio kama lori linaloshuka kwa gia ndogo. Yule aliyeamka alidhani ni lori. Halafu harufu ya udongo mbichi, halafu maji yakaingia chini ya sakafu ya hema. Hema ya zipu iliyoshonwa na sakafu yake ni kitu kizuri kwa mbu na kibaya sana kwa mafuriko: maji yakiisukuma, inakuwa mfuko, na aliye ndani anatafuta zipu gizani kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hema moja walitoka kwa mlango. Ya pili waliipasua kwa kisu cha kuku. Mmoja alivunjika mguu ulipogongwa na gogo. Wavuvi walikuja na taa na kamba, wakawavuta mmoja baada ya mwingine hadi penye vibanda, mahali ambapo, vijana walikuja kuona asubuhi, palikuwa juu zaidi kwa kimo cha mtu tu. Pikipiki zote tatu zilikwenda ziwani.

Wote sita walipona. Nimewaacha wapone kwa sababu kisa ni changu. Wa kweli hawakupata msimulizi wa kuwahurumia.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, Nyamukubi ilikuwa na soko. Ni kijiji cha Kalehe, Kivu Kusini, ufukoni mwa Ziwa Kivu upande wa magharibi, na kama jirani yake Bushushu, kimejengwa juu ya udongo ulioletwa na mito kutoka milimani. Mvua ilinyesha juu, mito ikashuka na mawe makubwa, ikapita kijijini na sokoni. Maiti zaidi ya mia nne zilihesabiwa, na watu maelfu hawakuonekana tena. Wale hawakuwa watalii. Walikaa pale kwa sababu sehemu tambarare kwenye ufuko ule ni chache, na tambarare zilizopo ni mito iliyozitengeneza. Kwa hiyo sitaki msomaji achukue kisa cha vijana na kukitumia kuwahukumu watu wa Kalehe. Aliye na mahali pengine pa kulala na asiye napo hawashtakiwi kwa kosa moja.

Lakini wenye mahali pengine nao hufa, na hufa hivyo hivyo. Karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, kuna korongo la Hell's Gate ambalo watu wa mjini hulipenda kwa matembezi. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa moja la Nairobi walichukuliwa humo na maji. Septemba 2019 maji yakarudi na kuwachukua wageni wengine pamoja na mwongozaji wao. Na asidhani mtu kwamba kibali cha serikali ni kinga. Kambi ya Las Nieves kule Biescas, milima ya Pirenei nchini Hispania, ilikuwa kambi halali, yenye vyoo na umeme, ikijaa familia za likizo. Ilikuwa imewekwa juu ya udongo uliotandazwa na kijito cha Arás. Jioni ya tarehe 7 Agosti 1996 kijito kilishuka na watu 87 wakafa.

Anayejua kutazama huona mapema. Nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi, juu ya kichwa chake, hazikupanda zenyewe. Jiwe la mviringo lenye ukubwa wa ng'ombe, likiwa peke yake mchangani, lilibebwa. Magome ya mti yakichubuka upande mmoja tu, upande wa mlimani, ni alama ya vitu vilivyopita vikigonga. Na kwenye Ziwa Albert kuna jambo la ziada: njia pana iliyokanyagwa laini kutoka majini hadi kwenye majani ni ya kiboko, anayepanda usiku kula na hapendi kukuta hema barabarani kwake.

Kurudi Bunia vijana walipanda gari la samaki. Matatizo yao yalianza kwa mwenye pikipiki. Alikuwa mtu wa haki, wala hakufoka. Alitaka tu kujua ni kundi gani lililowavamia, wapi, na kama wana karatasi kutoka kwa askari wa karibu. Wakamwambia hakuna aliyewavamia, bosi, njia ilikuwa sawa, ni maji. Maji ya wapi? Ya mvua. Akawatazama kwa huruma ya mtu anayedanganywa na watoto wa wenzake. Alikuwa ameshapiga simu Kasenyi asubuhi ile, kwa rafiki yake ambaye hajawahi kumdanganya, na aliambiwa ukweli mtupu: usiku ule Kasenyi haikunyesha hata tone.