Ukiwa Irente, Unatazama Nini?

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ya safari kuhusu Lushoto. Nilitaja barabara inayojikunja kutoka Mombo, maporomoko ya Soni, baridi ya asubuhi na majengo yaliyoachwa na Wajerumani, ambao mji huo waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao. Nikamalizia Irente, kwenye lile jabali ambalo ukisimama ukingoni unaona tambarare yote imelala chini yako. Niliandika kwamba pale mtu husahau shida za dunia. Wasomaji waliipenda makala ile. Kusema kweli, hata mimi niliipenda.

Baadaye nikasoma Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy kwa Kiswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Makao ya watawala wa Kilindi yalikuwa Vuga, si Lushoto. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, watoto na wajukuu wakagombana. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, ilikopita misafara ya biashara. Bunduki zikapanda mlimani, mateka wakashuka kwenda kuuzwa.

Sasa, ukisimama Irente, kijiji unachokiona pale chini ndiyo Mazinde.

Swali likaanza kunisumbua: je, nilikosea kufurahi pale?

Jibu jepesi ni kwamba uzuri hauna kosa. Jabali halikumuuza mtu. Ni kweli, lakini mimi sikuishia kusema ni pazuri. Niliwaambia watu ni mahali pa kusahau. Walioshushwa njia ile hawakupata nafasi ya kusahau. Mimi niliwasahau kwa niaba yao, tena kwa malipo.

Jibu la pili ni kuomboleza kila tunapokwenda. Hilo nalo halisimami. Watu wa Mazinde wanaishi leo, wanalima, wanaanika nguo, wanacheka. Kugeuza kijiji chao kaburi ili dhamiri yangu ipate nafuu ni dharau nyingine.

Walionisaidia ni Wasambaa wenyewe, kwa maneno yao mawili: kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mvua ikinyesha kwa wakati, chakula kikawepo na watawala wakaelewana, nchi imepona. Njaa na vita vya wakubwa vikija, nchi imeharibiwa. Katika fikra hiyo huwezi kuweka mandhari upande huu na haki upande ule. Mlima wa kijani ambao watu wake wanauzwa ni nchi iliyoharibika, hata kama picha yake inapendeza.

Kwa kipimo hicho niliiona makala yangu upya. Nilikuwa nimeuita Lushoto "mji wa kihistoria" kwa sababu ya kuta. Vuga sikuitaja hata mara moja. Nyumba za miti na nyasi haziachi magofu ya kupigia picha, basi tunadhani hapakuwa na historia. Yaani aliyejenga kwa mawe miaka michache tunamkumbuka, na aliyetawala vizazi na vizazi kwenye nyasi tunampita kwa gari tukielekea kwenye mawe.

Mwaka jana nilirudi Irente. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, nikasubiri karibu saa nzima. Ulipopasuka, Mazinde ikatokea, mabati yakimeta juani. Nilifurahi kama mara ya kwanza, wala sikujilazimisha kuhuzunika. Pembeni yangu kijana mmoja alikuwa anajipiga picha, akaniuliza kama najua kile kijiji kinaitwaje.

Nikamwambia jina. Akauliza, "Kuna nini kule?"

Tukakaa chini, nikaanza na Kimweri.