Ramadhani, Siku ya 19: Kibanda cha Shamba



Wengi wetu siku hizi tuna ndoto moja. Kiwanja shamba, mbali na mji. Chumba kimoja na baraza, bati juu, paneli ya sola na betri yake, tangi la maji ya mvua, kuku kidogo, mihogo na mchicha. Hakuna kununua LUKU, hakuna bili ya maji, hakuna wa kukugongea mlango. Wengine mshaanza kufyatua tofali.

Si ndoto mbaya, wallahi. Vyumba vya wakeze Mtume ﷺ pale Madina vilikuwa vya udongo na mitende, na Hasan al-Basri amepokewa akisema kwamba alipokuwa akiingia humo enzi za Sayyidna Uthman alikuwa anaigusa dari kwa mkono. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, anayeamka akiwa na amani, mwili mzima na chakula cha siku yake, ni kama amekusanyiwa dunia yote. Kwa hesabu hiyo kibanda kinatosha na chenji inabaki.

Ila kuna neno tunapenda kulisema: "Nataka nijitosheleze, nisimhitaji mtu." Hapo simama kidogo. Suratul Alaq, aya ya 6 na ya 7, inatueleza kwamba mwanadamu huvuka mipaka pale anapojiona amejitosheleza. Anapojiona! Yaani hata hajajitosheleza.

Chukua lile tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 20, mvua ya milimita 10, unapata lita 200, toa zile zinazomwagika. Fundi atakupigia hesabu yote na gata atakufungia. Lakini hiyo milimita ya kwanza umeileta wewe? Suratul Mulk inamalizika kwa swali la namna hiyo: maji yenu yakididimia ardhini, nani atawaletea mengine? Anaulizwa mwenye kisima, na mwenye tangi pia. Sola nayo, ngoja wiki moja ya mawingu ya masika.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Abu Daud amepokea kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Sasa rudi kwenye orodha yetu ya kibanda. Maji, majani ya mbuzi, na umeme, ambao ndio moto wetu wa leo. Ni vilevile! Kweli, wanazuoni wametofautisha maji ya mto na maji uliyoyakinga kwenye chombo chako. Haya ya tangi ni mali yako na kuyauza unaweza. Sawa. Lakini kiangazi mama wa jirani atakuja na ndoo, na saa moja usiku kijana atakuja na simu yenye chaji asilimia mbili. Utafungua, au utazima taa ujifanye umelala?

Hata Mtume ﷺ alipokuwa akijitenga pangoni Hira, chakula alibeba kutoka nyumbani, na kikiisha alirudi kwa Bi Khadija kuchukua kingine. Na alipokaa itikafu Madina alisimamishiwa hema dogo. Wapi? Ndani ya msikiti, watu wanaswali pembeni yake.

Tukija kwenye hilo: wanaonuia itikafu ya kumi la mwisho, kesho muwe mmeshaingia msikitini kabla jua halijazama. Bebeni shuka, mswaki, nguo za kubadilisha. Chakula msijaze mabegi, futari na daku italetwa na majirani wa msikiti kama kawaida.