Mawe ya Kalokol

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa watu jambo nililolipenda kuliko nilivyolijua. Nilichora ubaoni nguzo 19 za mawe zilizosimama Namoratunga, karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, nikasema kwa majivuno: wazee wetu walizisimamisha yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, zikielekea nyota saba za kalenda ya Waborana. Hayo waliyaandika Lynch na Robbins mwaka 1978, nami niliyameza mazimamazima. Nani tena angesema Mwafrika hakuitazama mbingu?

Sasa nakiri. Mwaka ule haukutoka kwenye nguzo za Kalokol. Ulikopwa kwenye makaburi ya Lokori, mbali upande wa kusini, ati kwa kuwa mawe ya huku na huko yalifanana. Kila kilicho hai hubeba kaboni-14. Kikifa, kaboni hiyo huanza kupungua, na kila miaka 5,730 nusu yake huwa imekwisha. Jiwe halipimwi hivyo. Hupimwa mkaa, mfupa au gamba la yai la mbuni lililozikwa pamoja nalo. Mfupa wa Lokori ulimtolea ushahidi marehemu wa Lokori, basi.

Wataalamu walipochimba na kupima palepale na kwenye nguzo nyingine za magharibi mwa ziwa, walipata miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Waliojenga ni wafugaji wa kwanza wa nchi ile. Lothagam Kaskazini, kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2018, walizikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee kwa watoto, pasipo dalili kwamba wachache walitukuzwa kuliko wengine.

Niliposoma habari hizi nilishangilia. Mawe yetu yamezeeka kwa yapata miaka 2,000! Mwenzangu mmoja, mwalimu wa hesabu, akaniuliza taratibu: "Na zile nyota, mzee?" Nikamkasirikia. Nilijua vema kwamba nyota husogea karne hata karne, na hesabu iliyofanywa kwa mbingu ya mwaka 300 haiwezi kuachwa vilevile mwaka ukibadilika. Kipimo ni kimoja. Nilipokea umri kwa mikono miwili, nikafumbia macho kile ulichoniondolea. Je, huo si uongo, hata kama kila neno nililotamka lilikuwa kweli?

Waturkana husimulia kwamba mawe yale ni wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Nilizoea kuwachekesha wanafunzi kwa hadithi hiyo kabla ya kuwapa "sayansi" yangu.

Mmoja wa wanafunzi wale ni mwalimu siku hizi. Nimesikia anachora nguzo 19 na nyota saba, na anataja jina langu kwa heshima. Nimemwandikia barua mara mbili, na mara zote mbili nimeichana.