Ayubu Alipoamriwa Apige Mguu

Waislamu na Wakristo humtaja Nabii Ayubu kila wanapozungumzia subira. Hata hivyo, Sura ya Sad katika Qur'ani inaeleza jambo linalostahili kutazamwa kwa makini: Ayubu alipomlilia Mola wake, hakuambiwa aendelee kulala. Aliamriwa aipige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Aliye na uwezo wa kuponya bila sababu yoyote alimtaka mgonjwa aunyanyue mguu.

Je, mtu aliyemaliza matibabu ya saratani akianza kujishughulisha, anapungukiwa na subira? Katika nyumba nyingi jibu limeshatolewa na mapenzi. Mama akirudi kutoka hospitali, akigusa ndoo ananyang'anywa. Akiinama kufagia, ufagio unachukuliwa. "Pole mama, kaa, usijichoshe." Miezi inapita, misuli inanywea, ngazi chache tu zinamkata pumzi, na yeye mwenyewe anaanza kujiona mzigo. Huruma hiyo ni ya kweli. Lakini haitoshi.

Madaktari nao waliwahi kuwa na hofu kama hiyo, kwamba kazi ingemdhuru mgonjwa. Wanawake walioondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti walionywa wasiutumie mkono wa upande ule kwa kazi ngumu, usije ukavimba. Mwaka 1996 Don McKenzie, daktari wa michezo katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, nchini Kanada, aliwakusanya wanawake 24 waliopitia ugonjwa huo, akawaandaa kwa mazoezi, kisha akawapandisha kwenye mtumbwi mrefu wa mashindano wa Kichina. Wakapiga kafi. Kazi hiyo huanzia begani na kifuani, pale pale palipokatazwa. Msimu ulimalizika bila hata mmoja kupata uvimbe mpya, na leo timu za namna hiyo zipo katika nchi nyingi.

Mwaka 2025 ulitolewa ushahidi mzito zaidi. Watu 889 wenye saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kupasuliwa na kumaliza kemotherapia, waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa maelezo ya afya ya kusoma. Wengine walipata msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3, na kutembea kwa kasi kulihesabika. Kufikia mwaka wa 8, waliokuwa hai ni takriban 90 kwa kila 100 katika kundi la mazoezi, na 83 katika lile jingine.

Hapa inabidi kuuchunga ulimi. Hata miongoni mwa waliofanya mazoezi, wapo waliofariki. Uhai haununuliwi kwa hatua za miguu. Anayesema saratani imemrudia jirani kwa uvivu wake anafanya walichofanya rafiki zake Ayubu katika Biblia, waliomtafutia dhambi ili majipu yake yapate maelezo. Mtume Muhammad alifundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na haki hutimizwa hata pale ambapo malipo hayajulikani.

Basi jamaa wa mgonjwa wamuulize daktari kwanza, hasa ikiwa mifupa imedhoofika au damu imepungua. Akiruhusu, wasimtume mgonjwa akatembee peke yake. Wavae viatu waende naye, hata ikiwa ni hadi msikitini au kanisani na kurudi, na kesho yake waende tena.