Deni la Mto

Madhara yawapatayo watu ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yatendwayo na mtu mwovu kwa nia mbaya. Hayo ni mepesi kuhukumiwa, kwa kuwa mwivi hujulikana na aliyeibiwa hujulikana. Namna ya pili ni yale yatokeayo watu wema watendapo jambo jema. Hayo ni mazito zaidi, kwa sababu mtendaji hulala bila ya kushitakiwa na moyo wake, na aliyedhurika hajui abishe mlango gani. Nataka tuitazame namna hii ya pili, na mfano wangu ni samaki wa mto Tana.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Mwendo wake ni kilomita 1,000 hivi. Huanzia Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukateremka hata nchi kavu, ukapita Garissa, kisha ukaelekea kusini kwa njia ya Bura, Hola na Garsen mpaka baharini. Katika nchi ya Garissa mvua ni haba na jua ni kali, na mto ni uzima. Kandokando yake Wamunyoyaya, Wamalakote na Wapokomo hulima na kuvua. Waorma na Wasomali hunywesha mifugo yao.

Mtu asiyeujua mto hudhani kuwa samaki hukaa katika mkondo tu, kama maji yakaavyo mtungini. Sivyo. Samaki wa Tana ni watoto wa mafuriko. Mvua zinyeshapo milimani, mto hujaa, ukavuka kingo zake na kutandaa juu ya mbuga. Hapo kambare huuacha mkondo akaingia katika majani yaliyofunikwa na maji, akataga mayai yake. Na wanawe hupata humo joto, chakula na maficho. Perege jike, ambaye hubeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, hutafuta maji yaliyotulia apate kulea. Maji yarudipo mtoni huacha nyuma vidimbwi na maziwa madogo. Huko chini, karibu na bahari, maziwa kama Shakababo na Bilisa hujazwa vivyo hivyo. Kamongo naye hujizika topeni wakati wa kiangazi, akangoja maji yarudi. Gharika iogopwayo na mwenye nyumba ni mkunga na mlezi wa samaki.

Sasa tazama yaliyotokea. Mwaka 1968 bwawa la Kindaruma lilianza kutoa umeme. Likafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. La Masinga ndilo ghala kubwa: liliumbwa liweze kuhifadhi maji mita za ujazo zaidi ya milioni 1,500. Kazi ya ghala hilo ni kuweka maji ya masika ili mitambo izunguke hata wakati wa kiangazi. Maana yake ni kwamba mto umesawazishwa. Mafuriko ya kawaida, yale yaliyokuwa yakiinywesha mbuga kwa majira yake, yamepungua kimo na idadi. Mafuriko yasipofika, samaki hapati pa kutagia, na kidimbwi hukauka kisijazwe tena. Kuna tena samaki mwembamba mfano wa nyoka, ambaye pia huitwa mkunga. Yeye huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, kisha huupanda mto akiwa mdogo ili akulie katika maji baridi. Akikutana na ukuta mrefu, njia ya wazee wake imefungwa.

Je, waliojenga walikosa? Haki yataka tuseme kweli yote. Umeme wa Tana umewasha taa za hospitali na za shule, umezungusha viwanda, na kwa miaka mingi ulikuwa nguzo ya uchumi wa Kenya. Mabwawa yenyewe yamekuwa makao ya samaki, wakiwamo wa kigeni walioletwa, na watu wa Masinga na Kamburu huvua humo na kuuza. Kwa hiyo mtu aweza kusema: waliopata ni wengi, waliopoteza ni wachache, na wahenga walinena, wengi wape.

Methali hiyo ni njema, lakini isipindwe. Yatufunza kuwapa wengi. Haitufunzi kuwanyang'anya wachache bila ya kuwauliza, wala kuwasahau wakiisha kunyang'anywa. Na ajabu ni hii: kwa miaka mingi baada ya mabwawa kujengwa, mji wa Garissa, ulio ukingoni mwa mto uleule, uliendelea kuwashiwa taa kwa mitambo ya dizeli, huku umeme wa Tana ukisafiri kwa nyaya hadi Nairobi. Waliotoa hawakuwa waliopokea.

Sababu ya kusahauliwa huko si ukatili. Ni hesabu. Umeme hupimwa kwa mita, na kila mwezi bei yake huandikwa. Lakini kambare aliyeliwa na watoto wa mvuvi jioni hakuandikwa popote. Na asiyeandikwa alipokuwapo, hatakumbukwa atakapotoweka. Kipimo kikimilikiwa na mmoja, hata mtu mwaminifu hupunja bila ya kujua.

Mwingine atauliza: nani atakaye mafuriko? Watu wa Garissa waliona gharika ya mwaka 1961, wakaona ile ya mwaka 1997, na mwaka 2024 maji yaliwaondoa wengi majumbani mwao. Misiba hiyo haina mtetezi. Lakini tutenganishe mvua ya kupandia na tufani ing'oayo mapaa. Mwaka 2024 mabwawa yalijaa pomoni, maji yakamwagika yakashuka na mto. Basi mabwawa huzuia mafuriko madogo yenye kulisha samaki, nayo makubwa yenye kuua watu hayawezi kuyazuia yote.

Hata hivyo, mvuvi asijifanye malaika kwa kuwa kadhulumiwa. Tukumbuke mkasa wa ziwa Victoria. Nyavu za kisasa ziliingia upande wa Kisumu mwaka 1905, na ngege walivuliwa kwa maelfu. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili samaki wachanga wapite. Lakini ngege walipopungua, wavuvi wengi walipunguza matundu badala ya kupunguza tamaa. Katika miaka ya 1950 akatiwa sangara ziwani, naye akawala samaki wadogo wa asili hata aina nyingi zikatoweka. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mvuvi wa Tana asemaye, "Bwawa limekwisha uharibu mto, basi na mimi nichukue vifaranga," huwaibia wanawe kwa kisingizio cha kuibiwa yeye.

Wala mfugaji asiseme kuwa samaki hawamhusu kwa kuwa yeye hunywa maziwa na kula nyama. Maji yaleyale yanayolea kambare ndiyo yanayootesha majani ya mbugani, ambayo ng'ombe hukimbilia wakati nchi yote imekauka.

Nini basi lifanyike? Sidai mabwawa yabomolewe. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo haya ni ya namna tatu. Kwanza ni kuhesabu: samaki, malisho na mashamba ya mbugani viandikwe katika daftari moja na umeme. Pili ni kuuliza: bwawa jingine kubwa, lile la High Grand Falls, limezungumzwa kwa miaka mingi; watu wa chini wasikilizwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, si baada ya la mwisho. Tatu ni kurudisha: maji ya ghalani yaachiliwe kwa kiasi katika majira yake, ili mbuga ipate kunywa. Hasara ya mitambo itakuwapo, na ni sisi tutumiao umeme tupaswao kuichangia.

Vijana, wengi wenu mtakuwa wahandisi, mahakimu, waalimu na watawala. Mtatenda mema makubwa, na kila jema kubwa lina mtu anayekaa chini ya mto. Mtakapopewa kazi ya kuamua, hesabuni watakaofaidika; kisha shukeni na maji mpaka mwisho wake, mkawatafute wale ambao majina yao hayamo katika hesabu, mkae nao, mwaulize wavuavyo na walavyo. Mtu mwema asiyefanya safari hiyo aweza kudhulumu maisha yake yote na bado akafa akisifiwa.