Nani Ana Haki ya Kufukua?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: ikiwa bibi wa bibi yako alificha alikotoka, wewe una haki ya kufukua?

Swali hili lilinianza Bagamoyo, kwenye kikao cha posa. Kijana mmoja alimtaka binti wa baba yangu mkubwa. Kijana hana neno: kazi anayo, adabu anayo, msikitini habanduki. Baba Mkubwa akamkataa papo hapo. "Hana asili. Wazee wake walikuwa watumwa." Wazee wakaitikia. Mimi niliyekuwa nagawa kahawa nikanyamaza.

Kumbe nilikuwa najua. Mwaka mmoja kabla, Bibi, ambaye anakaribia miaka 90, aliniambia tukiwa barazani: "Mume wangu, mnajiita waungwana nyie. Bibi yangu mimi aliletwa hapa kwa miguu, mtoto mdogo, kamba shingoni. Myao yule, wa kusini huko." Kisha akaniapisha nisiseme.

Mimi, kidato cha nne nimemaliza na kichwani nina riwaya, nikaona nimeokota dhahabu. Nikaanza kusoma. Wayao na watu wengine wa kusini walipelekwa Kilwa, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kuzuia biashara hiyo baharini, na soko la Unguja likafungwa. Unadhani walipona? La hasha! Wafanyabiashara wakawaswaga kwa nchi kavu, kutoka Kilwa kufuata pwani kuelekea kaskazini. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Wajerumani walikuja na kuondoka wakauacha.

Nikasoma pia habari za Swema, msichana wa Kiyao aliyepitia Kilwa, akafika Unguja hoi, akazikwa angali hai, akaokolewa na kupelekwa kwa wamisionari. Hao waliandika aliyosimulia, ndiyo maana tunamjua. Wa kwetu hakuna aliyemwandika. Basi si niandike mimi?

Nina hoja. Aibu ya biashara ile ni ya aliyeuza. Tukimficha aliyeuzwa, tunamtunzia muuzaji siri yake. Halafu tazama Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Kiyao. Nani leo atathubutu kusema yule hana asili katika Kiswahili?

Nilipompelekea Bibi hoja hizo alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mjukuu wangu, yule alinyang'anywa kila kitu. Hata jina alilofia nalo alipewa na watu. Kilichobaki chake ni hicho alichokinyamazia. Sasa na wewe unataka ukakiuze?"

Neno hilo "ukakiuze" lilinichoma. Sikulala.

Nimefikiri sana tangu siku ile, na nilipofika ni hapa. Mtu ana haki ya kufunika jeraha lake, na mjukuu hana ruhusa ya kulifunua ili apate sifa za uandishi. Lakini Baba Mkubwa hakuwa anafunika jeraha la mtu. Alikuwa ameliokota lile lile na kumpigia mwenzake. Siri ikifika hapo imeshageuka uongo, na anayeumia ni mtu aliye hai.

Kwa hiyo nilirudi kwa Bibi nikaomba ruhusa. Alikaa kimya, tasbihi mkononi. Mwishowe akasema: "Mwambie baba yako mkubwa. Kuandika, andika. Jina usilitaje."

Nilimwambia Baba Mkubwa, sisi wawili tu, mlango umefungwa. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliangalia chini muda mrefu, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?" Hilo tu.

Lakini nilikuwa nimechelewa. Kijana yule alikuwa ameshaoa kwingine. Na dada yangu, yule aliyekuwa anaposwa, alipopata habari kwamba siku ile ya kahawa nilikuwa najua, hakunitukana. Aliniuliza jambo moja: "Ulikuwa unamlinda nani?"

Si marehemu, maana hakuna aliyemgusa. Si Bibi, maana nilipomwomba alikubali. Jibu ninalo, ndugu msomaji, ila bado sijaweza kumwambia usoni.