Dhamana ya Waya wa Kuazima

Ufikapo msimu wa kiangazi, Wamarekani wengi hufunga nyuma ya magari yao trela za kulala, ambazo kwa hakika ni nyumba kamili zenye vitanda, jiko, friji na kiyoyozi, wakashika njia kwenda kupiga kambi misituni na kandokando ya maziwa. Na aghalabu hupitia kwa ndugu au rafiki, wakaegesha uani kwake siku mbili tatu, na hapo mgeni humwomba mwenyeji kitu ambacho muungwana hawezi kumnyima mwenziwe, yaani umeme. Mwenyeji huingia gereji, akatungua msumarini ekstensheni ya rangi ya chungwa, ile anayoitumia kwa taa za sikukuu na mashine ya kukatia majani, akaichomeka ukutani na kuivuta mpaka kwenye trela. Taa zinawaka, shukrani zinatolewa, watu wanalala. Asubuhi plagi imeyeyuka na kugandamana na soketi, na kiyoyozi hakingurumi tena. Wakisimama wawili hao juu ya hasara yao, neno la kwanza kutoka kinywani, kwa Mkristo na kwa Mwislamu sawia, huwa ni kwamba yaliyopita ni majaaliwa ya Mungu. Swali langu ni kama neno hilo, ambalo ni la kweli, laweza pia kuwa udhuru.

Kabla ya kulipandisha jambo hili mbinguni, ni haki tulitazame kwanza pale lilipolala, majanini. Umeme wa majumbani huko ni wa volti 120, takriban nusu ya huu wetu wa Afrika Mashariki, na kwa hiyo kazi ile ile hudai mkondo maradufu. Waya nao hupimwa kwa namba ziendazo kinyume, kwani geji ikipungua ndipo shaba inenepapo. Ekstensheni ya geji 16 yenye urefu wa futi 100, ambazo ni kama mita 30, ina ukinzani wa omu 0.8 hivi kwa kwenda na kurudi; ya geji 10, kwa urefu huo huo, ina robo yake tu. Kiyoyozi cha trela kikivuta ampea 12, ule mwembamba hula njiani volti 9.6 na kugeuza wati 115 kuwa joto, ilhali mnene hula volti 2.4 na kupoteza wati 29. Mafundi wa huko hupendekeza kwamba upungufu usizidi asilimia 3, ambazo ni volti 3.6, hivyo wa kwanza umeupita mpaka karibu mara tatu, na wa pili umo ndani yake. Tena hiyo ni hali ya utulivu. Mota ya kiyoyozi inapoanza kuzunguka huvuta kwa kitambo kidogo mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na tukikadiria mara nne tu, volti 38 zitaishia katika waya mwembamba, na mota itatakiwa kuamka kwa volti 82. Ikishindwa kuzunguka, huendelea kuvuta mkondo huo mkubwa na kujichoma yenyewe.

Wati hizo 115 zikitandazwa katika futi 100 za waya ulionyooshwa hewani, mkono huhisi uvuguvugu tu, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Lakini ekstensheni iliyoachwa nusu yake imeviringishwa, au iliyopitishwa chini ya zulia la mlangoni, hukosa pa kutolea joto; na pale ambapo vyuma vya plagi vimelegea ndani ya soketi, ukinzani hukusanyika mahali padogo kama ukucha, na plastiki ya hapo ndiyo huyeyuka kwanza. Nataka msomaji aishike habari moja zaidi, maana hukumu yangu yote imeegemea hapo. Breka iliyo katika nyumba, tuseme ya ampea 20, iliwekwa ilinde waya uliomo ukutani. Haina habari ya kile kilichounganishwa nje. Ekstensheni ya geji 16 yenye urefu ule aghalabu hukadiriwa ampea 10. Basi kati ya ampea 10 na 20 upo uwanja mpana ambamo waya unaumia na hakuna mlinzi wa kupiga kelele. Adapta nayo, ile inayoiwezesha plagi kubwa ya trela, ya ampea 30, kuingia katika soketi ndogo ya nyumba, hubadili umbo la plagi, haibadili uwezo wa ukuta. Kila kitu kinakubali kuingia, na taa zinawaka. Mashine zimeishiwa na ushahidi, na dhamana imebaki kwa wanadamu.

Asemaye majaaliwa asidhaniwe mjinga, kwa kuwa ana mwanachuoni mkubwa wa kumtegemea. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika suala la 17 la kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alikana kwamba moto na kuungua kwa pamba vimefungamana kwa lazima. Tunachokiona, alisema, ni kimoja kuja pamoja na kingine, na muumba wa kuungua ni Mungu, kwa ada aliyoijaalia. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu baadaye kwa kitabu kizima, akishikilia kuwa aondoaye sababu ameondoa na akili yenyewe. Wengi huishia kwenye mabishano hayo na kuchagua upande. Mimi hunivutia zaidi pingamizi ambalo Ghazali alijiwekea mwenyewe: ikiwa hakuna lazima, je, mtu aliyeacha kitabu nyumbani asiogope kwamba sasa kimegeuka farasi, na farasi huyo ameichafua maktaba kwa mavi yake? Akajibu kuwa Mungu ametuumbia elimu ya kwamba mambo hayo, ingawa yamkini, hayafanyi, na kwa elimu hiyo tunaishi. Hesabu ya mkondo na ukinzani aliyoichapisha mwanafizikia Ohm mwaka 1827, na ile ya mwenziwe Joule ya mwaka 1841 iliyoonyesha kwamba mkondo ukizidi mara mbili joto huzidi mara nne, ni sehemu ya elimu hiyo hiyo. Mfuasi wa Ghazali na mfuasi wa Ibn Rushd, wakienda dukani na akili zao, wote wawili watanunua geji 10.

Ikiwa ni hivyo, majaaliwa yanaeleza lililotokea na hayasemi nani alipe, na hapa mafakihi wanafaa kuliko wanafalsafa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mwazimaji hudhamini kitu alichoazima hata kama hakufanya uzembe, isipokuwa kile kilichoharibika kwa matumizi yenyewe aliyoruhusiwa. Fakihi Nawawi ameliweka wazi hilo katika kitabu chake Minhaj. Ajabu ya kanuni hii ni kwamba inalazimisha swali ambalo adabu ya ugeni hulifunika: ruhusa ilikuwa ya nini? Mwenyeji alitoa waya kwa ajili ya taa na kujaza betri, au alitoa kwa kiyoyozi? Aghalabu hakuna aliyeuliza wala aliyesema, kwa kuwa mgeni huona aibu kutaja mzigo wake na mwenyeji huona aibu kuuhesabu. Na kwa aibu hizo mbili nyumba yaweza kuungua na watoto wamo ndani. Sioni kuwa kunyamaza huko ni ukarimu.

Mimi si mufti, na hukumu hii ni rai yangu tu. Mwenyeji aliyeambiwa kuwa kuna kiyoyozi akatoa waya wake kwa hiari ameupoteza mwenyewe, na akiwa aliujua udhaifu wake akanyamaza, ana lawama kubwa kuliko hasara ya waya. Lakini ajuaye mzigo ni mwenye trela. Yeye ndiye aliyesoma kibao cha ampea kilichobandikwa kwenye mashine yake, au aliyepaswa kukisoma, naye ndiye aliyewasha kiyoyozi bila kusema. Alikuwa na njia mbili: kusafiri na ekstensheni yake ya geji 10, au kufungua madirisha usiku huo. Kwa hiyo mgeni ailipe ekstensheni pamoja na soketi, na kiyoyozi chake kiwe juu yake mwenyewe.